Mama Bertille na Sentimita Arobaini

Wasomaji wapendwa, pamoja na ninyi mliolazimishwa kusoma: gazeti hili la shule lina heshima kubwa kutangaza kwamba, baada ya uchunguzi wa kina na usiochoka, sasa linafungua kurasa zake kwa mabwawa makuu ya dunia. Kuna Magenge Matatu kule China, ambalo ukuta wake una urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Kuna Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, ziwa lililotengenezwa na watu ambalo linabeba maji mengi kuliko jingine lolote la aina yake. Kuna Inga, letu wenyewe hapa Kongo, ambalo litakuwa kubwa kuliko yote siku litakapokwisha kuzungumzwa. Na kuna Kisebwe.

Kisebwe lina ukuta wa mita arobaini na moja. Kulizunguka kwa miguu ni dakika kumi na mbili, au tisa ukifukuzwa na mlinzi.

Makala haya ni ya Kisebwe.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi, juu ya vilima vilivyo nyuma ya mji wa Kalemie, Mama Bertille Kapampa anasimama mbele ya geti la bwawa akiwa na daftari la shule chini ya kwapa. Mlinzi, Papa Adalbert, anatoka kibandani akifunga shati.

"Mama, nilikuambia usije."

"Na mi nilikuambia usifungue."

"Basi," anasema Papa Adalbert, na anafungua.

Mama Bertille anavua ndala, anazipanga pembeni na kushuka hadi usawa wa maji. Hapo, ukutani, kuna kibao cheupe cha chuma chenye mistari myeusi, kama rula ya mwalimu iliyosimamishwa. Anainama. Mawimbi madogo yanapanda na kushuka juu ya mistari, naye anangoja yapite matatu, halafu anachukua la katikati.

"Mita mbili, sentimita kumi na tisa," anasema kwa sauti.

Anapanda tena na kuandika. Hakuna anayengoja namba hiyo. Hakuna aliyemtuma kuitafuta. Mama Bertille alisimamishwa kazi mwezi wa sita, na daftari kubwa la kampuni lilichukuliwa siku hiyo hiyo. Hili la shule amelinunua mwenyewe.

"Nikilala kitandani saa ile, miguu inaniuma," anaeleza. "Imezoea. Sasa nifanye nini, niwaambie maji yasimame yaningoje?"

Alizaliwa Zongwe, kwa watu wa nyavu, miaka hamsini na mitatu iliyopita. Alisoma hadi darasa la sita la msingi, akaolewa Kalemie, akafiwa na mume, akabaki na watoto wanne na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio uliompa kazi.

"Shefu wa zamani alinipa kalamu, akasema andika moja mpaka kumi. Nikaandika. Akaangalia, akasema: saba yako haifanani na moja, umepata kazi," anasimulia. "Wanaume walikuwa wamekuja kumi na mmoja. Saba zao zote zilikuwa zinalala."

Mshahara wake hataki utajwe. Anasema watu watacheka, na kwamba hajazeeka kiasi cha kupenda kuchekwa.

Mabwawa makuu, kama tulivyofundishwa, yana mitambo inayopima maji yenyewe na kutuma habari kwenye vioo vya kompyuta. Kisebwe lilikuwa na Mama Bertille. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni: anasoma kibao, anaandika, anapiga simu kwenye nyumba ya turbini, mita mia tatu kushuka kutoka ukutani. Kwa miaka kumi na tisa hiyo ni zaidi ya mara elfu ishirini. Siku ya harusi ya binti yake Carine alisoma saa sita akiwa amevaa kitenge cha sherehe na viatu mkononi, akarudi kabla wali haujaliwa.

Kanuni za kazi yake ni chache. Maji yakizidi mita mbili na sentimita sitini, vani, yaani mlango wa chuma ulio chini ya ukuta, lazima ifunguliwe hadi yashuke mbili na arobaini. Maji yakipungua chini ya mbili na kumi, turbini inaanza kuvuta hewa badala ya maji, na mitaa mitatu ya mji inabaki bila umeme. Kabla ya kufungua vani, Mama Bertille hugonga mara saba rimu ya lori iliyotundikwa getini, ili wanawake walioko bondeni watoke mtoni.

Na juu ya kanuni zote iko moja aliyoachiwa na yule shefu wa zamani.

"Alisema: Bertille, andika unachoona. Usiandike unachofikiri. Siku utakapoandika unachofikiri, daftari limekufa." Anainua kidole kama anavyoinua padri. "Nikaishika ile. Hiyo njo kazi yenyewe. Wengine ku mabwawa mengine wanapika namba. Mvua inanyesha, wanabaki mu kitanda, wanaandika za jana na kuongeza mbili. Mi hapana."

Sasa tuje kwenye mwezi wa sita.

Jumatatu jioni, tarehe 9, Mama Bertille alisoma mita mbili na sentimita thelathini na moja. Kiangazi kilikuwa kimeanza na mvua ya mwisho ilikuwa imesahaulika. Jumanne asubuhi alishuka, akangoja mawimbi matatu, akasoma mita mbili na sentimita sabini na moja.

Maji yalikuwa yamepanda sentimita arobaini usiku mmoja, bila tone la mvua.

"Nilisimama pale," anasema. "Nikaangalia ukuta. Ukuta una alama ya majani, pale maji yanapofikia. Ile alama ilikuwa palepale, haijaloa hata kidogo. Nikajua maji hayakupanda. Nilijua, mutoto wangu. Lakini kibao kinasema sabini na moja. Mi naandika kibao ao naandika kichwa yangu?"

Aliandika kibao. Akapiga simu.

Aliyepokea ni Papa Toussaint, shefu wa sasa wa mtambo, mtu mzito ambaye, kwa mujibu wa mlinzi, hajapanda ngazi za ukuta tangu alipopewa cheo.

"Sabini na moja? Soma tena."

Akasoma tena. Sabini na moja.

"Shefu, kuna kitu hakiko sawa. Alama ya ukuta haijaloa. Njoo uone."

"Bertille, mi sisimamii alama za ukuta. Kanuni ni kanuni. Fungua."

Aligonga rimu mara saba. Wanawake walitoka mtoni wakiwa na watoto wao na ndoo zao. Mihogo haikutoka. Wakati wa kiangazi, familia za bonde la Kisebwe huloweka mihogo kwenye mashimo waliyochimba kando ya mto, siku tatu au nne, hadi ilainike na uchungu utoke. Huo ndio unga wao. Asubuhi ile mashimo yalikuwa yamejaa, na vani ilipofunguka maji yaliyapitia yote. Familia ishirini na tatu zilipoteza chakula walichokuwa wamekitazamia kwa wiki mbili.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilifika mchana. Mama Bertille aliifunga vani kibao kiliposema mbili na arobaini, kama kanuni inavyotaka, lakini turbini ilikuwa imekwisha kuanza kukohoa. Saa nane ilizimwa. Mitaa mitatu ilikaa gizani siku tisa, maana kijito cha kiangazi hakina haraka ya kujaza bwawa. Mashine za kusaga zilisimama. Kwenye zahanati, chanjo za watoto zilipelekwa kwa pikipiki hadi kwenye friji ya upande mwingine wa mji.

Alhamisi walikuja maingenia wawili kutoka biro, yaani ofisi ya kampuni. Walisoma kibao: mita mbili na sentimita mbili. Wakafungua daftari. Daftari lilisema kwamba maji yalipanda arobaini bila mvua, halafu kati ya Jumatano na Alhamisi yakashuka karibu arobaini tena, vani ikiwa imefungwa.

"Wakaniuliza: Mama, maji yalienda wapi? Nikawaambia: sijui, mi nimeandika nilichoona. Wakaangaliana. Yule mrefu akacheka. Akasema: Mama huyu amepika mpaka sufuria imeungua."

Yule mrefu alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye kurasa mbili za daftari na kuandika juu yake maneno mawili: za uongo. Mama Bertille aliwaeleza kuhusu simu. Papa Toussaint, aliyekuwa amesimama karibu, alisema hakumbuki.

Mwandishi alimfuata Papa Toussaint kwenye nyumba ya turbini ili apate upande wake.

"Umetumwa na nani, kijana?"

"Na umma, Papa."

"Umma uende darasani," alisema. "Mimi nasimamia turbini. Sisimamii macho ya watu." Kisha akageuka kupangusa meza iliyokuwa safi.

Bondeni hali ni mbaya zaidi. Mama Syntiche Mwamba, ambaye alipoteza mashimo mawili ya mihogo, alikuwa rafiki wa Mama Bertille tangu ujana wao; walisuka nywele pamoja, wakazika waume zao mwaka mmoja. Sasa akimwona anapita na daftari lake, anauliza kwa sauti ya kusikika na mto mzima:

"Bertille, leo umeona maji ao umeona malaika?"

Wanawake wengine wanacheka. Mama Bertille anaendelea kutembea.

"Simuchukii," anasema kuhusu Mama Syntiche. "Watoto wake walikula maembe mabichi wiki nzima. Ningekuwa yeye, ningesema mabaya kuliko yale."

Mwezi wa saba alikwenda hospitali kupimwa macho. Alikaa kwenye foleni tangu asubuhi hadi alasiri. Muuguzi alimsomesha herufi zote, hata zile ndogo za chini kabisa ambazo watu huzikisia, naye akazisoma bila kukosea. Muuguzi akampongeza.

"Nikatoka pale nalia," anasema. "Kama macho ni mazima, basi njo kichwa. Nimeanza kuwa kichaa na sijui. Usiku nauliza watoto: jana nilisema nini, mnikumbushe. Nikiweka chumvi mu mboga, naonja mara tatu. Muntu akianza kujiogopa mwenyewe, atakimbilia kwa nani?"

Alhamisi hii, tarehe 18 mwezi wa tisa, tume ya kampuni itakaa. Ikithibitisha kwamba alitunga namba, Mama Bertille ataondolewa bila chochote kwa miaka yake kumi na tisa, na daftari lote, kurasa zote, litahesabiwa kuwa la uongo. Tayari kipimo cha umeme kimeagizwa. Hakitakuwa na saba inayolala.

Anachokitaka ni kidogo hadi kinaudhi.

"Kazi wanaweza kuchukua. Nitauza dagaa, nitauza mikate, najua kuuza. Nataka ule mstari mwekundu utoke. Waandike pembeni kwamba nilisoma sawa. Ao waniambie nilikosea wapi, nielewe. Basi."

Hapo ndipo makala haya yalipopaswa kukoma. Mwandishi alikuwa na kila kitu: machozi, namba, shefu mbaya, matumaini ya mhusika. Alikuwa amekwisha kupanga sentensi ya mwisho, nzuri sana, yenye neno "haki" ndani yake mara mbili. Aliamini kwamba wajumbe wa tume wakiisoma watalia kidogo, wataufuta mstari, na kila mtu atarudi nyumbani bila kuuliza maswali mengine.

Lakini Jumamosi iliyopita Mama Bertille alisema: "Shuka nikuonyeshe kibao. Huwezi kuandika juu ya kitu usichokiona."

Kibao kinafikiwa kwa ngazi ya chuma iliyopigiliwa ukutani, vipandio kumi na vinne. Mama Bertille alitangulia. Mwandishi alifuata, huku akisimulia kichekesho kuhusu prefe wetu, mkuu wa shule, na mbuzi wa parokia, kichekesho ambacho wasomaji wa gazeti hili wanakifahamu. Alifika chini. Mama Bertille hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia miguu ya mwandishi.

"Kile cha tisa umekiruka."

"Nini, Mama?"

"Kipandio cha tisa. Kimelegea, kinazunguka. Kwa macho hakionekani, kinafanana na vingine. Yule ingenia mrefu alikikanyaga, akaumia goti. Mwenzake naye akakanyaga. Kila muntu anayeshuka hapa mara ya kwanza anakikanyaga. Wewe umekiruka, na mudomo unaongea habari ya mbuzi."

Mwandishi alisema kwamba ni bahati. Akasema ana miguu mirefu. Akasema mengine pia.

"Jovial," alisema Mama Bertille. "Jina lako njo Jovial, eh? Ulishuka hapa lini?"

Mtu anaweza kudanganya prefe. Tumefundishwa namna yake na wakubwa wetu, ni kama sehemu ya masomo. Mtu anaweza kudanganya mlinzi, mpishi, hata padri akiwa na haraka. Lakini pale chini hakuna nafasi ya kugeuka. Kuna ukuta, kuna maji, na kuna Mama Bertille.

"Mwezi wa sita," nikasema.

Tangu hapa naandika "nilifanya" na "nikasema", kwa sababu "mwandishi" ni neno zuri la kujifichia.

Nilimweleza. Mwezi wa sita mwalimu wa jiografia aliandika ubaoni mabwawa makuu ya dunia, kuanzia kubwa kabisa. Nikanyoosha mkono, nikauliza Kisebwe ni la ngapi. Darasa likacheka. Mwalimu akasema Kisebwe ni beseni. Basi mimi na wenzangu wawili tukaapa kwa heshima zote kulikuza bwawa la taifa. Tulikuja mara mbili kuangalia kibao, nikakanyaga kile cha tisa mara ya kwanza na kuchubuka ugoko. Mara ya tatu tulikuja na spana. Kibao kimefungwa kwenye reli kwa bolti nne; ukizilegeza kinateleza. Ukikishusha, maji yanaonekana yamepanda. Ni hivyo tu. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tulisema kesho Kariba itasikia wivu.

Jumanne tulisikia rimu ikigongwa. Tuliihesabu darasani: mara saba. Hatukucheka tena. Jumatano tulirudisha kibao mahali pake, tukakaza bolti, tukaona tumetengeneza mambo. Halafu shule ikafungwa, nikaenda nyumbani, nikala vizuri likizo nzima.

Mama Bertille hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliuliza swali moja.

"Mlishusha sentimita ngapi?"

"Arobaini."

"Arobaini kamili?"

"Tulipima kwa rula."

Akashika kibao kwa mkono mmoja kama mtu anayeshika bega la mtoto. Kisha akasema polepole, si kwangu: "Thelathini na moja na arobaini. Sabini na moja." Akarudia mara ya pili, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeamka hospitali na kuambiwa hana ugonjwa.

Nikasema, "Mama, nisamehe."

"Mihogo ya Syntiche inasamehe?" akasema. "Mi leo sikusamehe. Labda siku ingine, sijui. Sasa unaandika gazeti, si ndiyo? Andika. Usiweke maneno mazuri. Tume haitafuti maneno mazuri, inatafuta namba."

"Prefe atanifukuza, Mama. Mama yangu analipa minerval ya shule kwa kuuza mkaa."

"Najua," akasema. "Na mi nina watoto."

Akapanda. Nami nikapanda nyuma yake.

Ile sentensi yangu ya mwisho nimeifuta. Badala yake naandika hii, kwa ajili ya tume ya Alhamisi, kwa ajili ya Mama Syntiche na familia ishirini na tatu za bonde la Kisebwe, na kwa ajili ya yule ingenia mrefu mwenye kalamu nyekundu. Nimeiandika kama alivyonifundisha, bila kitu nilichofikiri:

Jumatatu, tarehe 9 Juni, saa kumi na mbili na nusu jioni, baada ya msomaji wa kibao kuondoka, mimi Jovial Banza, mwanafunzi wa darasa la tano la sekondari, nililegeza bolti nne za kibao cha Kisebwe na kukishusha sentimita arobaini. Jumatano, tarehe 11 Juni, saa hiyo hiyo, nilikirudisha. Jumanne asubuhi maji yalikuwa mita mbili na sentimita thelathini na moja. Kibao kilisema mbili na sabini na moja. Mama Bertille Kapampa aliandika alichoona. Alisoma sawa.